Wanaona naogopa? Maswali yenu juu ya haya mbele ya watu

Jambo sana wapenzi. Hizi wiki mumeniandikia mingi, na karibu nusu ya barua zinazungumzia kitu kimoja: ile haya inakushika ukiwa mbele ya watu usiowajua, moyo unapiga, mikono inalowa, sauti inapotea, kisha unabaki kujiuliza kama wale watu wamekuangalia vibaya juu wameona unaogopa. Mimi siko daktari, nilisoma saikolojia na nimefanya miaka ya kusikiliza watu hapa Bukavu, lakini zaidi ya masomo, hii kitu nimeishi nayo mwenyewe tangu nikiwa na miaka 13, kwa hiyo munapoandika ninajua munasema nini. Nimechagua barua nane, zingine nimezifupisha.

"Yaya, niko munafunzi, miaka 22. Nikiingia mu taksi naona batu bote bananiangalia. Siku zingine nafaa kushuka ku Essence lakini nasikia haya ya kuambia shofere asimame, napita mpaka Panzi, narudia na miguu. Bale batu banaonaka kama niko naogopa?"

Mudogo wangu, hiyo ya kupitisha kituo naijua sana. Unaanza kuipanga sentensi gari ikiwa bado mbali, unaisema kichwani mara kumi, gari inafika, kinywa hakifunguki, gari imepita, na sasa kusimamisha ni haya kuzidi, basi unanyamaza tu unaangalia dirisha kama mutu anayejua kwenye anaenda.

Sasa tuangalie ile taksi. Mbele muko watu wawili na shofere, nyuma wanne mumebanana. Mama wa pembeni anahesabu makuta yake, kijana ako kwa simu, papa mwenye kofia anafikiri kama mvua itanyesha mbele afike. Kila mutu ako katikati ya siku yake. Wewe ndiye uko katikati ya siku yako peke yako.

Hii watu waliipima. Ku iniversite ya Cornell kule Marekani, Thomas Gilovich na wenzake walichukua wanafunzi wakawavalisha tisheti yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, kitu ambacho kwa wanafunzi wale ilikuwa haya kabisa kuonekana nayo. Mwanafunzi anaingia mu chumba chenye wenzake wamekaa, anabaki kidogo, anatoka, halafu wanamuuliza: ni wangapi watakumbuka nani alikuwa kwa tisheti yako? Walikuwa wanasema karibu nusu. Wakati waliuliza wale wa mu chumba, waliojua walikuwa karibu robo tu. Hiyo kazi ilitoka mwaka 2000, na tangu hapo imekuwa kitu cha kwanza ninaambiaka mutu wa haya.

Angalia muzuri lakini, robo siyo sifuri. Sitakudanganya kwamba hakuna mutu anaonaka. Kuna wachache wanaona kidogo, na kile wanaona ni nusu ya kile wewe unaogopa, kisha gari ikigeuka wamesahau.

Kwa ile ya kituo, acha kutengeneza sentensi ndefu. Sema maneno mawili tu, "Shofere, Essence", na uyaseme mapema, gari ikiwa bado mbali kidogo, juu mutu wa haya anangojaka mpaka dakika ya mwisho na hapo ndipo inakuwa kelele. Ukisema mapema hata sauti ya chini inatosha.

"Dada, batu banasema niko na kiburi. Ku kazi, ku kanisa, ata bale hatujuane. Mimi siko na kiburi ata kidogo, ni woga tu. Juu ya nini bananichukia mbele nifungule kinywa?"

Hili ndilo swali nililokuwa nangojea, na nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwa mengine.

Uoga ni kitu kimoja, na kile tunafanya ili uoga usionekane ni kitu kingine. Moyo kupiga haionekani, tumbo kukaza haionekani. Lakini kuangalia chini inaonekana, kujifanya unasoma simu wakati hakuna kitu kwa simu inaonekana, kujibu "ndiyo" na kunyamaza, kukunja mikono, kupita haraka haraka pembeni ya ukuta bila salamu, hivyo vyote vinaonekana kabisa na vinaonekana na kila mutu. Waingereza wawili, David Clark na Adrian Wells, mwaka 1995 waliandika juu ya hii mambo vizuri sana: mutu wa haya anageuza macho yake ndani, anajichunga yeye mwenyewe, na anafanya vitu vidogo vidogo vya kujilinda, na vile vitu vya kujilinda ndivyo vinamuharibia. Anafikiri vinamficha, kumbe vinamfanya aonekane baridi.

Na kwetu hapa ni mbaya zaidi, juu kwetu salamu ni mulango. Mutu hapiti mbele ya watu bila kusema jambo. Ukipita bila kusema, hakuna mutu atafikiri "masikini, huyu mutoto anaogopa". Watafikiri unawazarau.

Ngoja niwaambie kitu. Nilikuwa na miaka 19, mama yangu alinituma soko ya Kadutu kununua sambaza. Nilifika kwa mama mumoja alikuwa ameinama anapanga sambaza mbichi kwa masahani, vifungu vifungu, mikono yake inang'aa magamba mpaka kwa viwiko. Nikauliza bei, lakini niliuliza nikiangalia samaki, sauti chini. Akasema, "Unasema aje?" Nikarudilia, chini kuliko mara ya kwanza. Watu wawili walikuwa nyuma yangu wanangojea, nikasikia masikio yangu yanawaka, nikageuka nikaenda bila kununua. Na wakati naenda nikamusikia anaambia mwenzake wa pembeni: "Batoto ba Ibanda bale, banatuzarau."

Nilirudi nyumbani nikilia. Siku ile nilifikiri ameona woga wangu akanicheka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuona woga hata kidogo. Aliona mutoto wa kike amevaa muzuri, hakumusalimu, hakumuangalia kwa uso, aliangalia samaki tu kama vile muchuuzi hayuko, kisha akageuka akaenda. Kwa kile kilikuwa mbele yake, yule mama alikuwa na haki.

Karibu wiki tatu nyuma ya siku ile nilirudi, kwa yule mama yule yule. Nilikuwa natetemeka vile vile, magoti vile vile, tofauti ilikuwa moja tu: mbele ya kuangalia sambaza nilimuangalia yeye nikasema "Jambo mama." Akainua kichwa. "Jambo sana mwanangu, karibu." Nikanunua, akaniongeza mukono muzima juu ya kifungu.

Kwa hiyo swali lako, je wanakutendea tofauti? Ndiyo, wanaweza, na sitakuambia ni mawazo yako tu. Lynn Alden kule Kanada ametafiti hii miaka mingi na anaonyesha kitu hicho hicho, kwamba mutu wa haya akiingia katika mazungumzo na mbinu zake za kujificha, yule mwingine anapoa. Kuna na utafiti wa Rebecca Curtis na Kim Miller wa mwaka 1986, walikutanisha watu wawili wawili wasiojuana, kisha wakaambia wengine kwamba yule mwenzako amekupenda, na wengine kwamba hakukupenda, na yote ilikuwa uongo. Wale walioamini hawakupendwa wakarudi wamefunga uso, wanabishana, hawajifungulii, na mwisho kweli wenzao hawakuwapenda. Fikiri kidogo juu ya hiyo. Uongo uligeuka kweli juu ya namna mutu alivyokaa kwa kiti.

Lakini sikia hii vizuri, dada, juu ndiyo inaleta pumzi: wageni hawachukii woga wako. Hawajauona. Wanajibu ile sura uliyoweka juu ya woga, na ile sura unaweza kuitoa hata woga ukiwa bado ndani. Hauombwi kuacha kuogopa kwanza. Macho kwa sekunde moja, jambo, kisha tetemeka vile unataka.

Na ku kazi, kama kuna mwenzako mumoja unamuamini, umwambie waziwazi, "mimi nasikiaka haya, siyo kwamba sitaki kuzungumza na nyinyi". Umwambie mara moja tu. Kwa kazi za huku atawaambia wengine mbele ya saa sita.

"Wiki ijayo ni dote, sherehe ya mahari, ya yaya yangu na nimepewa kazi ya kugawa vinywaji kwa wageni. Mikono yangu inatetemeka sana nikishika plato. Batu ba kwa bwana bataona, batasema familia ina mutoto mugonjwa."

Kwanza, kutetemeka kunatoka wapi: mwili umefikiri kuna hatari, unamwaga adrenalini, damu inaenda kwa misuli ili ukimbie ao upigane, na misuli ambayo haikimbii haipigani inatetemeka. Ukifinya plato kwa nguvu ili isitetemeke, inatetemeka zaidi. Kwa hiyo legeza vidole. Jaza glasi kidogo, siyo mpaka kwa mudomo. Na pale unampa mukubwa kinywaji, unatoa kwa mikono miwili sawa vile tulifundishwa, hiyo ni heshima na hakuna mutu atauliza kitu.

Pili, ile unasikia ndani ni kubwa kuliko ile inatoka nje. Sisi tunajisikia kutoka ndani basi tunafikiri tuko sawa chupa ya kioo, watu wanaona yote. Gilovich na mwenzake Kenneth Savitsky walichunguza na hii, mwaka 2003, kwa watu wanaozungumza mbele ya wengine: wasemaji walifikiri wasiwasi wao unaonekana sana, wasikilizaji waliona kidogo kuliko hapo. Na kitu nilichopenda kuliko vyote, wale walioelezwa mbele kwamba wasiwasi hauonekanaka sana, walizungumza muzuri zaidi. Kujua tu kulisaidia. Basi na wewe sasa umejua.

Siku nilitetea kazi yangu ya mwisho ya masomo karatasi ilikuwa inapiga kelele mu mikono yangu, mimi niliisikia kama mabati ya nyumba kwa mvua. Nilipotoka niliuliza marafiki watatu waliokaa mbele. Mumoja alisema nilizungumza haraka. Mwingine alifikiri nilikuwa na baridi. Wa tatu hakuwa ameona kitu, alikuwa anasikia njaa.

Wageni wa bwana watakuja kuangalia yaya yako, mahari, na chakula. Gawa vinywaji kwa amani.

"Niko mama wa miaka 35, niko na alama ya moto kwa shavu, mafuta ilinimwangikia nikiwa mutoto. Kila mutu mupya nikimuona najua anafikiri alama tu. Unaweza kusema na mimi ni mawazo?"

Hapana mama, siwezi kusema hivyo. Alama yako iko, na kuna watu wanaiangalia, watoto zaidi, na kuna wenye kuuliza bila adabu. Hiyo ni kweli na si kosa lako.

Nataka tu nikupe utafiti mumoja, ufanye nao kile unaona. Robert Kleck na Angelo Strenta, Wamarekani, mwaka 1980 walichora kovu kwa uso wa watu, rangi tu ya kujipaka, wakawapa kioo wajione, kisha wakasema ngoja tupake kidogo mafuta ili isipasuke, na hapo wakaipangusa yote bila wao kujua. Wale watu wakaenda kuzungumza na mugeni wakiwa na uso safi, lakini wanaamini kovu liko. Wakarudi wakisema yule mugeni alikuwa na wasiwasi, alikuwa ananiangalia vibaya juu ya kovu. Kovu ambalo halikuwako.

Sisemi lako haliko. Nasema kwamba kwa kila mutu mupya unakutana na vitu viwili, kile kinafanyika kwa kweli na kile unangojea kifanyike, na kile cha pili kinajaza macho mpaka hauone cha kwanza. Mutu akiangalia pembeni, inaweza kuwa ni alama, inaweza kuwa ni motari aliyepita nyuma yako. Hauna lazima ya kuamua mara moja ni ipi.

Na kwa wale wanaokodolea macho, wanawake wengi wenye alama wameniambia kitu kimoja kinachowasaidia: kuanza wao. Kusalimu wa kwanza. Ukisema jambo, yule mutu anapata kitu cha kufanya na macho yake, na hata akitaka kuuliza atauliza kama mutu mwenye adabu. Unaweza kujibu "nilichomwa na mafuta nikiwa mudogo", ukaendelea na mazungumzo. Ao usijibu. Uso ni wako.

"Nikikunywa chupa mbili ao kanyanga kidogo mbele ya kwenda kwa watu, haya inaisha, nazungumza muzuri. Iko na mubaya gani?"

Mubaya iko, ndugu yangu, na nakusihi uisikie. Pombe ni kujificha kama kwingine kote, na kila siku ulikunywa ukazungumza muzuri, kichwa kinasema ni pombe ilizungumza, siyo wewe. Kwa hiyo haujifunzi kitu. Kesho bila chupa uoga umerudi na umeongezeka, na mbili zinakuwa tatu. Wengi walioanguka mu ulevi walianzia hapo hapo, kwa haya. Nenda bila kunywa kwa mahali padogo kwanza, dakika kumi, urudi nyumbani.

"Mwana wangu ana miaka 7, wageni wakiingia anakimbia nyuma ya mulango. Bwana anasema nimupige."

Usimupige mama. Miaka 7 kuogopa wageni kidogo ni kawaida. Usimuvute kwa mukono mbele ya watu, na usimwambie mugeni "huyu ni wa haya" mutoto akisikia, juu atalishika hilo jina kama jina la ubatizo. Mwambie mbele: leo Mama fulani anakuja, utamusalimia kisha utaenda kucheza. Akisalimia hata kwa sauti ya panya, inatosha, mupe aende.

"Hii kitu ni ugonjwa ao ni tabia? Kama ni ugonjwa, nani anatunza?"

Haya ya kawaida ni tabia, karibu kila mutu anayo. Inakuwa ugonjwa wakati inakuzuia kuishi: unaacha masomo juu ya kuogopa kusema mbele ya darasa, unakataa kazi, haununui dawa juu hauwezi kuingia mu famasi, na inadumu. Madaktari wanahesabu miezi 6 ao zaidi. Na tangu mwaka 1980 iko katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kama ugonjwa kamili.

Inatunzwa. Njia yenye nguvu kuliko zote ni mazungumzo na mutu aliyesomea, munachunguza pamoja mawazo yako, kisha munaenda kuyajaribu inje kidogo kidogo, kwa soko, kwa taksi, bila kujificha. Wengine wanapewa na dawa, hiyo ni ya daktari kuamua, usinunue mwenyewe. Hapa Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Frères de la Charité, na tafadhali muache kuamini kwamba pale ni pa "wenda wazimu" tu, watu wa kila namna wanaenda pale na wanarudi ku kazi yao.

Nina neno moja la pembeni. Wengine waliniandikia wakasema hawana haya, ila tangu yale waliyoyaona hawawezi tena kukaa na watu wasiowajua nyuma ya mugongo wao. Ndugu zangu, hiyo siyo haya na majibu ya leo siyo yenu. Mwili wenu umejifunza hatari ya kweli. Kwa hiyo hasa mutafute mutu wa kuwasikiliza, na ukifika umwambie kilichotokea, usimwambie tu kwamba unaogopa watu.

"Nilipanda bato kwenda Goma, dada mumoja akakaa pembeni yangu, tukazungumza karibu safari yote. Tulipofika akanipa namba yake, mimi sikuomba. Lakini tangu siku ile nakumbuka kila kitu nilichosema na naona nilikuwa mujinga. Ni wiki mbili sijamuandikia. Alinionea huruma?"

Mudogo wangu, hapa watafiti wako upande wako. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walitoa kazi juu ya watu wasiojuana wanaozungumza mara ya kwanza, na waliona kitu kimoja karibu kila mahali: mazungumzo yakiisha, kila mutu anafikiri mwenzake amemupenda kidogo kuliko vile mwenzake amemupenda kwa kweli. Na wao wawili wanarudi nyumbani wanajilaumu. Wewe uko Bukavu unahesabu makosa yako, inawezekana kabisa na yeye ako Goma anahesabu yake, na sasa wiki mbili hauandiki, anafikiri amepata jibu.

Na uangalie vile wewe mwenyewe uliandika. Alikaa pembeni yako. Mulizungumza safari yote, na mu bato mutu akichoka na mazungumzo anasimama anaenda kuangalia maji, nafasi iko. Yeye hakusimama. Kisha akatoa namba bila kuombwa.

Usimuandikie barua ya kuomba musamaha kwa kunyamaza, hiyo itakuwa tena kujificha. Andika tu: "Jambo, ni mimi wa mu bato. Habari ya Goma?" Andika leo jioni, mbele ulale.